Nusu saa ya redio: zamani nani alikuwa akiilipia, na leo nani?

Swali: *Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya uinjilisti katika usharika mmoja hapa Makambako. Babu yangu anaishi Ilembula, na huwa anasema enzi zao dini redioni ilikuwa Jumapili asubuhi, nusu saa, basi. Ukichelewa kuwasha umekosa hadi wiki ijayo. Leo nikizungusha redio ya dukani kwangu nakutana na mahubiri kwenye vituo vitatu kwa mpigo, na kila baada ya muda mfupi inasomwa namba ya kutuma sadaka. Kwenye king'amuzi ndiyo usiseme. Nini hasa kilibadilika? Nauliza pia kwa sababu kamati yetu imeletewa bei ya kununua nusu saa kila wiki kwenye kituo kimoja, na tumegawanyika.*

Marahaba katibu, na kamwene yangu imfikie babu huko Ilembula. Kumbukumbu yake ni nzuri kuliko ya wengi. Nimeingia kwenye utangazaji nikiwa kijana wa kubeba nyaya, nikaja kuufundisha, na kila ninapoulizwa swali kama lako naona muulizaji anategemea niseme wahubiri wameharibika, au waumini siku hizi ni wepesi kudanganyika. Mimi huanzia kwingine. Huuliza kwanza: hiyo dakika ya hewani, nani kailipia? Mlipaji akibadilika, kipindi kinabadilika naye, urefu wake, sauti yake, hata namna mhubiri anavyovuta pumzi kabla ya kusema "Amina".

Tuanze na nusu saa ya babu. Redio ya kwetu ilianza 1951 Dar es Salaam, ya majaribio, ikisikika mjini tu. Mwaka 1956 ikawa shirika, na 1965 serikali ikaitia mkononi, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD tuliyokua nayo. Kwa karibu miaka 30 Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya ndani. Mlipaji wa kila dakika alikuwa serikali, na serikali yenyewe ilishasema haina dini, watu wake ndio wenye dini. Jiweke kwenye kiti cha mpanga vipindi wa siku hizo. Wakatoliki wana Baraza lao la Maaskofu, Waprotestanti wana Jumuiya ya Kikristo, Waislamu tangu 1968 wana BAKWATA, na kila mmoja lazima apate fungu lake bila mwenzake kununa. Dakika zilikuwa za bure, ila zilipimwa kwa kibaba, na hakuna aliyeongezewa kwa kuwa ana fedha.

Kwa sababu hiyo ziliandaliwa kwa adabu ya mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Mhubiri alijua anasikilizwa na watu ambao si wake. Mama Mkristo aliyekuwa anachambua maharage Ijumaa mchana alisikia mawaidha ya sheikh mpaka mwisho, maana hakuwa na kituo kingine cha kuhamia, na mzee Mwislamu wa Mbeya mjini alizijua kwaya za Kilutheri kwa majina. Mfungo ukielekea ukingoni, nchi nzima ilikaa karibu na redio kusubiri kama mwezi umeandama, Wakristo nao, maana walitaka kujua kesho ni sikukuu au ni kazini. Ulikuwa ujirani wa kulazimishwa, sikatai. Lakini ulikuwa ujirani.

Nikueleze jambo moja nililoliona kwa macho. Tulikwenda kurekodi kwaya ya kanisa fulani Rungwe, na mimi kazi yangu ilikuwa kubeba nyaya na kunyamaza. Gari la kurekodia liliegeshwa nje chini ya mparachichi, mashine ya kanda kubwa za kuzunguka ikawekwa ndani ya sakristia, na maikrofoni mbili tu zikasimamishwa mbele ya kwaya ya watu thelathini na kitu. Fundi mitambo akawahamisha wenye sauti ya besi hadi karibu na mlango, wakakasirika, wakaona wametengwa. Tukaanza. Ubeti wa pili mvua ikashuka. Wewe unaijua mvua ya Tukuyu, haipigi hodi, na bati la kanisa halina dari. Tukasubiri. Ikakatika, tukaanza tena, jogoo akawika dirishani. Mara ya tatu kila kitu kikaenda sawa mpaka mstari wa mwisho, mzee mmoja akakohoa. Wimbo wa dakika tatu na nusu ulituchukua tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Wanakwaya wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri, na hakuna aliyelipwa senti wala aliyetozwa. Wiki kadhaa baadaye mwalimu wao aliniandikia kwamba siku wimbo uliporuka hewani walikusanyika uani kwake, redio imewekwa juu ya kinu, betri zimeanikwa juani siku mbili nzima ili zipate nguvu ya mwisho.

Hata huko ilikoanzia kazi hii mambo yalikuwa ya kuhangaika namna hiyohiyo. Ibada ya kwanza inayojulikana kurushwa na redio yenye leseni ilitoka kanisa moja la Kianglikana la Pittsburgh, Marekani, tarehe 2 Januari 1921, kupitia kituo cha KDKA. Mafundi wawili walivishwa majoho ya kwaya ili waumini wasishtuke kuona watu na nyaya zao katikati ya ibada. Mmoja alikuwa Mkatoliki, mwingine Myahudi. Huwa nacheka nikikumbuka kwamba mhasibu wetu siku ile ya Rungwe alikuwa Mwislamu, naye ndiye aliyemshika yule jogoo.

Hapo babu anaweza kukurekebisha kidogo, kwa sababu wazee wa huku hawakuwa na RTD peke yake. Usiku, hewa ikitulia, mawimbi mafupi yalileta sauti za mbali. Radio Vatican ilikuwa na idhaa ya Kiswahili tangu 1961. Mwaka 1963 Walutheri wa dunia walifungua kituo kikubwa Addis Ababa, Sauti ya Injili, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitengenezwa studio ya Moshi, kanda zikasafirishwa hadi Ethiopia, ndipo vikarudi kwetu kwa njia ya anga. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo kile, sauti ikakatika, na watu wa Moshi wakabaki na studio isiyo na mnara. Tulikuwa pia na Trans World Radio kutoka Swaziland. Huko mlipaji alikuwa muumini wa Ulaya au Marekani ambaye hakuwahi kumwona msikilizaji wake. Alijuaje kama anasikilizwa? Kwa barua. Ndiyo maana vipindi vile viliisha na anwani ya posta, iliyosomwa taratibu mara mbili ili mtu aandike. Masomo ya Biblia ya Sauti ya Unabii, ya Waadventista, yalikwenda hivyohivyo kwa bahasha, na ukipita nyumba za zamani Mbozi na Ileje bado utaona cheti kimetundikwa ukutani pembeni ya picha ya harusi. Msikilizaji alidaiwa stempu na uvumilivu.

Sasa mabadiliko yenyewe. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria ya utangazaji iliyoruhusu watu binafsi na taasisi kumiliki vituo. Mwaka uliofuata vituo vya kwanza vya binafsi vikaanza, na Bara nayo ikapata televisheni kwa mara ya kwanza, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam lilifungua Radio Tumaini 1994. Kusini huku tuna la kujivunia ambalo watu wa Dar hawapendi kulikumbuka: Radio Maria Tanzania, inayosikika leo karibu kila kona ya nchi, ilianzia Songea, mwaka 1996.

Radio Maria inafaa kutazamwa kwa ukaribu kwa sababu mlipaji wake ni wa aina ya tatu. Haiuzi matangazo ya biashara wala haiuzi dakika kwa wahubiri. Inaendeshwa na michango ya wasikilizaji na watu wa kujitolea, na mara kwa mara inakuwa na siku zake za kuchangisha wanazoziita Mariathoni. Kwa hiyo ratiba yake inafuata saa za sala, Masifu asubuhi, Rozari, Misa, katekesi, na haina haraka. Mtu asiye Mkatoliki akiisikiliza huona kama haina uchangamfu. Mimi nasema ndivyo inavyokuwa redio ambayo haina haja ya kukuzuia usihamie kituo kingine, kwa sababu inaongea na watu wake waliokwisha kukaa.

Vilipokuja vituo vya masafa ya FM vya mikoani, kila kanisa na kila taasisi ya Kiislamu yenye uwezo ikatamani mnara wake. Iringa mjini ukizungusha redio unakutana na Radio Furaha, unakutana na Overcomers, unakutana na Qiblaten. Mbeya kuna Baraka FM. Milima yetu ikawa na kauli katika hili kuliko mamlaka yoyote. FM husafiri kama mwanga wa tochi, haipindi kona. Mnara ukiuweka juu ya Loleza, jiji la Mbeya lote liko chini yako, lakini aliye nyuma ya Mlima Rungwe anakusikia kwa kubahatisha. Mawimbi mafupi ya zamani yaliruka juu ya vilima vyote hivi na kushuka popote. Ndiyo maana babu alisikia Addis Ababa akiwa Ilembula, na mjukuu anaweza akashindwa kukisikia kituo kilichoko mkoa jirani. Dini redioni ikawa ya wilaya kwa wilaya. Sauti zimeongezeka, ila hakuna inayofika mbali kama ile RTD moja.

Wengine hawakuwa na uwezo wa mnara. Kwao ndipo likaanza hili linalowagawa kwenye kamati: kununua muda kwenye kituo cha mwingine, mara nyingi kituo cha biashara kinachopiga bongo fleva mchana kutwa. Mlipaji sasa ni mhubiri mwenyewe, kwa mfuko wake au wa huduma yake. Na mtu aliyetoa fedha kwa dakika anaihesabu dakika.

Marekani waliyapitia haya kabla yetu, na mfano wao unafundisha kwa sababu wao walihesabu. Kwa miongo kadhaa vituo vyao vilitoa muda wa bure kwa makanisa makubwa kama sehemu ya wajibu kwa jamii, karibu na ilivyokuwa RTD. Mwaka 1960 mamlaka yao ya utangazaji iliamua kwamba kipindi cha dini kilicholipiwa nacho kihesabiwe kuwa huduma kwa jamii. Kwa mwenye kituo hesabu ikawa nyepesi: kwa nini atoe bure kinachonunulika? Mwaka 1959, kati ya vipindi vyote vya dini vya televisheni, vilivyolipiwa vilikuwa asilimia 53. Kufikia 1977 vilikuwa asilimia 92. Makanisa ya zamani, ambayo hayakuzoea kuomba fedha hewani, yakapotea kwenye kioo. Waliobaki ni wale waliojua kuomba. Watazamaji hawakupiga kura wala mafundisho hayakushindana, ni bili tu ndiyo ilichagua.

Kwetu liliongezeka jambo ambalo wao hawakuwa nalo, na hapa ndipo lilipo jibu la zile namba zinazokukera dukani. Aprili 2008 Vodacom walianzisha M-Pesa nchini, na mitandao mingine ikafuata. Kabla ya hapo, aliyeguswa na mahubiri akiwa Ludewa na kutaka kutoa alisubiri Jumapili akatoa kanisani kwake, au aende posta. Kwa vyovyote msisimko ulipoa njiani, na sadaka iliangukia usharika wa karibu. Baada ya 2008 akawa anatuma elfu mbili kabla mhubiri hajamaliza sentensi. Mhubiri naye simu iko mezani, inalia. Anaona maneno gani yameleta ujumbe kumi na maneno gani yameleta kimya. Mhubiri wa enzi za babu hakuwahi kupimwa hivyo dakika kwa dakika, na mtu akipimwa hivyo hubadilika hata kama ni mwadilifu. Mfululizo wa mafundisho ya wiki sita juu ya Waraka kwa Warumi haulizi simu. Ushuhuda wa mtu aliyepata kiwanja unaliza.

Kwa ajili ya swali lako nilikaa juzi na kalamu na saa nikasikiliza kipindi kimoja cha nusu saa, cha kituo nisichokitaja. Wimbo wa kufungulia na sauti ya kujitambulisha vilikula dakika nne. Salamu kwa wasikilizaji wa vijiji mbalimbali, tatu. Ushuhuda kwa njia ya simu, sita, na sehemu kubwa ilikuwa "haloo, haloo, unanisikia mtumishi". Namba ilisomwa mara saba. Maombezi ya kufungia yakachukua tano. Neno lenyewe, yaani Biblia ikisomwa na kuelezwa, lilibaki kama dakika tisa, na lilikatwa katikati. Mhubiri hakuwa tapeli, nilimwona ana nia njema kabisa. Alikuwa mtu anayedaiwa bili ya wiki ijayo.

Televisheni ilileta jambo ambalo redio haiwezi: kuona. Redioni mtu husimulia kwamba amepona. Kwenye kioo unaonyeshwa ameanguka, ameinuka, ametupa fimbo. Nigeria waliona mapema jambo hili linakoelekea, na mwaka 2004 mamlaka yao ikapiga marufuku kurusha miujiza isiyoweza kuthibitishwa. Matokeo yake hayakuwa waliyotarajia. Mhubiri wa Lagos T.B. Joshua, aliyekuwa kwenye vituo vya kawaida, alianzisha chaneli yake ya satelaiti, Emmanuel TV, na kwa marufuku ile akawa mkubwa zaidi. Madishi makubwa ya Uyole na Tunduma yakageuzwa kumtafuta. Baadaye akajenga hadhira kubwa YouTube, hadi Aprili 2021 kampuni hiyo ilipoifunga akaunti yake yenye wafuatiliaji zaidi ya milioni 1.8 kwa kosa la kukiuka masharti yake juu ya lugha ya chuki. Naye alifariki Juni mwaka huohuo. Nakumbusha hili kwa sababu wahubiri wengi vijana huniambia mtandaoni hakuna mwenye nyumba. Yupo, ila hakai Dodoma.

Mwenye nyumba wa hapa ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na alionyesha meno Februari 2013. Wakati ule kulikuwa na mgogoro mkali kanda ya Ziwa juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuza. Vituo viwili, Radio Imaan ya Morogoro ya Kiislamu na Kwa Neema FM ya Mwanza ya Kikristo, vilifungiwa miezi sita kila kimoja kwa vipindi vilivyoonekana kuchochea uhasama wa kidini. Ndipo wengi tukaelewa gharama ya kuondoka kwenye sebule moja. Mhubiri anayejua kwamba wanaomsikiliza ni wa kwake tu huachia ulimi. Kwenye RTD asingethubutu, maana sheikh alikuwa anamfuatia hewani.

Mwaka huohuo zamu ya Mbeya ya kuzima mitambo ya analojia ilifika. Ving'amuzi vikaingia, mtambo mmoja ukabeba chaneli nyingi, na gharama ya kuwa na televisheni ya kanisa ikashuka kutoka ya kutisha hadi ya kukopa. Kisha simu zikafanya hata hiyo ionekane ghali. Mwaka 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, ilibidi hata anayejiita "online TV" akate leseni, na kwa muda kelele zikapungua. Mwaka 2020, korona ilipoingia, majirani zetu Kenya walifunga nyumba za ibada na makanisa yakajifunza kwa nguvu kurusha ibada mubashara. Kwetu serikali iliziacha wazi, kwa hiyo tulijifunza taratibu, kwa kuiga. Hadi leo ibada nyingi za mubashara za huku ni simu moja imeegemezwa kwenye vitabu vya nyimbo, inaonyesha kisogo cha mwanakwaya.

Waislamu wamepita njia hiyohiyo kwa mwendo tofauti, na nadhani wameambulia kitu ambacho Wakristo wengi wamekikosa. Vipindi vyao vilivyo bora ni vya darsa na maswali: mtu anapiga simu, anauliza juu ya mirathi, juu ya swala ya msafiri, sheikh anajibu kwa utaratibu na hoja. Msikilizaji anarudi kesho kwa sababu ana swali jingine. Nimeshuhudia hata Wakristo wakisikiliza kipindi cha mirathi kwa makini, kalamu mkononi, kwa sababu nyumbani kwao kuna ugomvi wa shamba.

Jambo moja halikubadilika, na watu hulisahau. Kanuni zetu zinataka utangazaji uwe wa Kiswahili au Kiingereza. Mchungaji wa Rungwe ambaye kanisani husalimia kwa Kinyakyusa, akaonya kwa Kinyakyusa, na kufariji wafiwa kwa Kinyakyusa, akifika studio huvaa Kiswahili kama koti la kikao. Bibi anayemsikiliza jikoni anamwelewa, ila si kwa undani uleule. Nimesikia mtangazaji akimkatisha mgeni kwa upole, "Mchungaji, kwa Kiswahili tafadhali," na mchungaji akapoteza uzi wake wote. Faida ni kwamba Mbena, Mhehe na Mkinga wanaweza kusikiliza pamoja. Hasara anaijua bibi.

Turudi kwenye kamati yenu. Mimi kwa bei yoyote mliyoletewa nisingenunua nusu saa. Kama usharika wenu ni wa kanisa ambalo tayari lina redio katika kanda hii, anzeni kwa kugonga mlango huo. Vituo vya makanisa vina njaa ya vipindi vizuri kuliko mnavyofikiri, na mara nyingi wanachokosa ni watu walio tayari kuandaa kila wiki bila kuchoka. Mkishindwa huko, nunueni robo saa kwa miezi mitatu, kisha mkae mtathmini.

Msikubali kuuziwa Jumapili saa tatu asubuhi, hata kwa punguzo. Huo ndio muda ambao wasikilizaji wenu wote wako kanisani, na wasiokuwa kanisani wamelala. Ombeni saa kumi na moja na nusu alfajiri siku ya kazi, mama anapowasha moto na dereva wa bodaboda anapofuta kiti umande, au saa tatu usiku. Andaeni kipindi kimerekodiwa siku tatu kabla, kwenye chumba chenye mapazia na magodoro ukutani, mbali na bati. Mwenye leseni ndiye anayewajibika kwa mtakachosema, kwa hiyo kituo kitakuwa na haki ya kuwakata, na ni nafuu mkatwe mezani kuliko hewani. Wekeni mapatano ya maandishi yanayosema siku umeme ukikatika mnarudishiwa muda wenu. Nimewahi kufanya kazi na kituo ambacho kilikuwa kinazima jenereta kipindi cha wenzangu kikifika, kisha kinatoza. Miezi minne tulilipia ukimya.

Namba ya sadaka isomwe mara moja, mwishoni, na iwe ya usharika, si ya mtu. Mkiona kwamba kwa mara moja hiyo fedha hazitoshi kulipia robo saa, basi mmeshapata jibu kwamba kipindi hicho kibebwe na bajeti ya kamati au kisiwepo. Na kila kipindi mkikate vipande vya dakika nne au tano vya sauti tu, mvitume kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya. Video zinakula bando. Sauti fupi mtu anaweza kuirudia akiwa shambani anavuna viazi, na kumtumia shangazi yake Makete ambako mnara wenu hautafika kamwe.

Kuhusu hilo la mnara, msiamini ramani watakayowaletea, ile yenye duara jekundu linalofunika mikoa mitatu. Kabla hamjasaini chochote, panda gari uende Ilembula na redio ndogo ya betri, lala kwa babu, na muda uleule wanaotaka kuwauzia mkae wawili barazani mkitafute kituo hicho. Jaribuni uani, jaribuni jikoni, jaribuni na kwa jirani anayeishi bondeni. Kikisikika kwa babu bila kuzungusha antena, ongeeni bei.